Kifuniko cha Kufukuza Baridi

Nyamianda, 2 Septemba 2002

Naomie mwanangu,

Salamu nyingi. Unakula vizuri huko Bujumbura? Sisi tuko, Mungu anatulinda, ila mdogo wako Toussaint atanimaliza.

Tangu atoke kwa wapiganaji milimani, kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ndiyo chai yake. Nilimwapisha mbele ya padri, rozari mkononi. Akakaa mwezi mzima bila kugusa, nikashona hata kitenge cha shukrani! Jumapili wakaniletea amelewa, amebebwa kama gunia la mihogo. Sasa mjomba wako Cyprien anamchukua kwenye mtumbwi wake wa kuvua ndagala, kazi imnyooshe. Akilewa tena, mlango wangu asiuguse. Wewe unayesomea udaktari, niambie: nimezaa mwongo?

Mama yako, Apolline

Bujumbura, 15 Septemba 2002

Mama mpenzi,

Nakuamkia. Mgongo unaendeleaje? Hapa risasi tunazisikia, lakini tunasoma.

Hujazaa mwongo. Kila seli ya ubongo ina jeni, maagizo tunayozaliwa nayo. Fikiria kitabu cha nyimbo cha kwaya yako: nyimbo zote zimo, ila haziimbwi zote. Kanyanga ikizoeleka inajifanya mwalimu wa kwaya. Kitabu hakibadiliki, lakini nyimbo zilizokuwa kimya zinapazwa, nyingine zinanyamazishwa. Mtu akiacha kunywa, kwaya hairudi sawa siku hiyohiyo. Inaweza kuchukua miezi. Katikati hapo, akinusa tu, hamu inamrudia. Alipokuapia alisema kweli.

Na ziwani, Mama, jamani! Umesahau kwamba wavuvi wa mjomba hugawiwa kifuniko cha chupa kilichojaa kanyanga kila mmoja kabla ya kusukuma mtumbwi, eti kufukuza baridi? Mtoe huko leo. Na akianguka tena, usimfungie.

Binti yako, Naomie

Nyamianda, 24 Novemba 2002

Naomie,

Hujambo? Mimi mgongo haujambo, roho ndiyo inawaka. Barua yako imefika juzi. Vita vya Oktoba vilifunga njia, Charlotte aliyeibeba akakwama mpakani. Umeandika “leo”. Leo ipi?

Mdogo wako alikunywa kifuniko chake, kisha vya wenzake. Na mimi nilikuwa najisifu sokoni kwamba mtoto anafanya kazi! Oktoba, risasi zikilia, alikuja kubisha, amelewa. Sikumfungulia. Nilisikia akiniita, na bado namsikia.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda ufukweni. Nimemkuta chini ya mtumbwi uliopinduliwa, amekonda mifupa mitupu. Cyprien akanipigia kelele, eti namnyang'anya mvuvi wake, nami nikamjibu anavyostahili. Toussaint akasema, “Mama, minye nilikuapia kweli.” Nikamwambia, “Najua. Simama, twende.”

Usidhani kwaya imetulia. Jana amelewa tena. Akasimama uani, hata hakubisha, anangoja nimfukuze. Hasira ilinifika kooni, mwanangu! Nikasema, “Ingia, ugali iko.”

Lakini najijua. Kuna siku nitachoka, nimfungie tena. Kwa hiyo asubuhi nimemwita fundi Norbert, akang'oa komeo la mlango. Askari wakiingia kuniibia sufuria, nitawaambia binti yangu daktari ndiye aliyeagiza.

Mama yako, Apolline