Penye Kitambaa Usikate

Dada yangu Mwamini,

Msitu ulio juu ya mtaa wetu uko karibu kufungwa. Nguzo za uzio zimeshamwagwa kando ya barabara, na kesho Jumamosi ni umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Kesho ndiyo itakayoamua kama sisi wakazi tutaendelea kuutunza au tutauangalia kwa mbali tu. Wewe uko Mwanza kwa mumeo, na mimi sina mwingine wa kumwambia ninavyoogopa. Majirani wakitaka kuisoma barua hii, waisome. Inawahusu.

Unakumbuka umuganda ule watu walipofyeka hata misave michanga, miti yetu ya asili, kwa sababu katikati ya majani ilionekana kama magugu? Ulikasirika mpaka ukakataa chai. Kesho yake ulikusanya mabaki ya vitenge chini ya cherehani ya mama, ukanivuta mkono tukapanda mlimani, tukafunga kila mche kitambaa. Mimi nilifunga. Wewe ulimpigia kelele kila aliyepita: "Penye kitambaa usikate!"

Mama Saidi wa mlango wa pili alikucheka sana. "Sasa miti iko inavaa kitenge! Mutaivalisha na viatu?"

Lakini mwezi uliofuata ni yeye aliyemshika mkono kijana mmoja aliyekuwa ameshainua panga. Tangu hapo mtaa mzima ulijua. Ulipoolewa, niliendelea kufunga peke yangu, saa ambazo njia haina watu.

Mwaka huu tumepata afisa mpya wa misitu. Wafanyakazi wake, ambao si wa huku kwetu Nyamirambo, walipanda misave mingine sehemu ya juu, na machipukizi ya mikaratusi yakaanza kuisonga. Afisa akaamua tuyakate kwenye umuganda wa mwezi uliopita. Ili tusikosee, watu wake walipita kabla yetu wakayafunga vitambaa vyeupe. Siku yenyewe alichelewa, na mwenyekiti wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akasema tuanze kabla jua halijawa kali.

Dada, ungeona tulivyojituma! Kila kisichokuwa na kitambaa tulikifyeka. Mikaratusi tukaipalilia, mingine ikarudishiwa udongo kwenye shina. Mzee mmoja alisita, "Lakini hii si karatusi tu?" Mama Saidi akamkatiza: "Muzee, kitambaa hauoni? Usiguse!" Mimi nilikuwa chini, upande wetu wa zamani. Nilipopanda juu, misave ilikuwa imelala chini yote, na majani yake hayajaanza hata kunyauka.

Afisa alipofika hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisubiri tukae kwenye nyasi kwa mkutano, kisha akasema, "Niliweka alama kwenye miti ya kukata. Mmeiacha yote, mmekata ile niliyopanda. Msiniambie ni bahati mbaya. Mnataka mikaratusi ikue mpate kuni." Akasema ataweka uzio na walinzi wa kulipwa, na hakuna mkazi atakayeingia tena.

Mama Saidi, ambaye huokota vijiti vikavu humo kila wiki, alitazama miguu yake. Nadhani kwa watu wetu maana ya kitambaa ilikuwa wazi kiasi kwamba hakuna aliyefikiri kuna mtu asiyeijua. Mimi nilielewa, na nikasubiri sauti yako. Si unajua tulivyozoea? Unakaa mbele yangu, navuta mtandio wako, nanong'ona, wewe unasema kwa sauti. Safari hii mbele yangu alikuwa Mama Saidi. Nikavuta kitenge chake nikanong'ona.

Akageuka. "Sema mwenyewe! Mimi leo mudomo yangu imeshaharibu vya kutosha."

Nikasimama. "Kitambaa," nikasema.

"Sauti!" mtu akaita kutoka nyuma.

"Kwetu kitambaa maana yake usikate."

"Kwenu wapi?" akauliza afisa. "Wewe ni nani?"

"Ni mudogo wa Mwamini!" watu wakamjibu kwa pamoja, kama vile anakujua.

Nikampeleka chini kwenye miti yetu, mkutano mzima ukitufuata. Alishika kitenge kilichopauka kwenye msave uliokwisha kumzidi urefu. Akakigeuza kwa vidole, akauliza, "Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe mukubwa, mbona hukutuuliza?" mwenyekiti akasema. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nguzo hakuziondoa. Alisema atatupa umuganda mmoja zaidi: tukate mikaratusi, tupande misave mingine. Tukifanya sawasawa, wakazi tutaunda kamati tuutunze wenyewe. Tukikata hata mche mmoja wa asili, uzio unasimama. Tumekubaliana kitambaa kibaki cha kulinda, na cha kukatwa kipakwe chokaa. Kisha akaninyooshea kidole: kabla panga lolote halijainuliwa, huyu binti ndiye atakayewaeleza watu wote.

Mimi, dada! Shule nimemaliza bila kunyoosha mkono darasani. Jana nilijaribu mbele ya mama, akasema sauti yangu inaishia kwenye meno. Kuchekwa nimeshakubali. Ninachoogopa ni yule atakayesimama nyuma kabisa, asinisikie, aanze kufyeka. Mtaa mzima ufungiwe msitu kwa sababu mimi nilinong'ona.

Nimewaza kumwomba Mama Saidi aseme kwa niaba yangu, angekubali. Lakini afisa ameniomba mimi, na miti ile nimeifunga kwa mikono yangu. Nitapanda juu ya rundo la zile nguzo ili wa nyuma wanione.

Nakutumia barua hii leo kwa simu. Najua ukiisoma utataka kunipigia asubuhi unitie moyo. Nakuomba usipige. Nikisikia sauti yako nitataka wewe ndiye useme.

Msalimie shemeji, na uniombee dua.

Mdogo wako