Nilivyomfundisha Bosi Safari ya Mali

Dada Zuhura,

Pokea salamu na joto la Jeddah, maana huku linagawiwa bure. Bosi wangu, tajiri wa mafuta wa juzi tu, anakwenda Mali kununua kondoo. Akaniuliza: "Wewe Mwafrika, huko nichukue nini?" Kwao Afrika nzima ni mtaa mmoja! Nami, bingwa, nikamjibu: "Koti zito, na Kiswahili kinatosha. Sindano? Mafi, kama msemavyo huku: hakuna haja." Akafurahi: "Yalla, twende, utakuwa mkalimani wangu!"

Nikaenda kumtambia Musa, Mmali anayetupikia sisi vibarua hapa bandarini. Akaweka mwiko chini. "Mjinga we! Kwetu jua linachoma, watu wanasema Kibambara na Kifaransa, na bila sindano ya homa ya manjano utamzika tajiri wako."

Nikarudi mbio nikakiri. Bosi akanitukana mimi na babu zetu wote. Nikamwambia: "Tukana, lakini mchukue Musa." Musa miaka minane hajamwona mama yake, masikini.

Wameondoka jana. Leo tunakula mkate mkavu, wenzangu wananilaani, nami natafuna kwa raha zangu. Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu.

Kaka yako, Salum