Lori Ndilo Lililokataa

Makambako, 9 Aprili

Mama mpendwa,

Kamwene. Habari za huko, na baba anaendeleaje? Mimi mzima, ila upepo wa Makambako umewafungia wateja ndani na chai yangu inapoa kwenye chupa. Barua hii nampa Katekista Clemens, maana ndiye pekee anayepanda huko kwa miguu. Simu yako haipatikani tangu nguzo za umeme zianguke.

Mama, nimeongea na shangazi Dainess aliyeko kwenye kambi ya waliohamishwa. Anasema mlima umepasuka, kitongoji kizima kimeteremshwa kwa malori, mmebaki nyinyi wawili tu. Msimamizi wa malori amewaita wakaidi mbele ya watu. Nimeona aibu na hofu kwa pamoja. Mvua haijakatika. Kama baba hawezi kutembea, basi shuka wewe kwanza, yeye atafuatwa. Najua ninachokiandika ni kibaya, lakini mkifunikwa na udongo wote wawili mimi nitabaki na nani?

Mwanao,
Oktavia


Mawengi, 12 Aprili

Oktavia mwanangu,

Salamu zako zimefika. Baba yako anakula na anaitukana mvua, ila upande wake wa kushoto bado umelala tangu alipopooza mwaka jana. Mimi mzima. Hasira ndiyo inanipa joto.

Sasa sikiliza. Mimi sikukataa lori. Lori ndilo lililokataa. Tulimtoa baba yako hadi barabarani na godoro lake, msimamizi akasema mtu wa kulala anajaza nafasi ya watu wengi, atafuatwa kesho. Usiku huo barabara ikakatika. Mbuzi wa jirani yetu Benno walipanda lori hilo, niliwaona kwa macho yangu. Anayeniita mkaidi aje aniite hapa nyuma ya nyumba, penye ufa unaomeza mkono wangu hadi kwenye kiwiko.

Na usirudie kuniambia nishuke peke yangu. Baba yako naye alisema hivyo hivyo, nikamnyima uji mpaka akanyamaza. Mume wangu Tarsis hatakufa akitazama mgongo wangu.

Lori silitaki tena. Naita mgowe. Hakuna shamba la viazi kitongojini hapa ambalo jembe langu halikuligusa. Kila aliyeita mgowe, watu wamsaidie kazi, nilikwenda. Leo naita mimi, na kazi yenyewe ni kumbeba baba yako kwa machela. Unajua mgowe hauitwi na mtu baki. Huita mwenye nyumba au mtoto wake, tena kwa jina la kila mmoja. Mimi siwezi kumwacha baba yako, na wewe una simu. Waite. Pombe ya ulanzi hakuna, wagema wote wamehamishwa, lakini viazi na maharage vitakuwa jikoni.

Mama yako,
Mektilda


Makambako, 15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na lile neno sitalirudia.

Nimewapigia mmoja mmoja kwa jina lake. Benno anasema msimamizi amepiga marufuku mtu kurudi juu, na atakayekwenda atapoteza nafasi yake hemani. Wanaume wengi hawapo, wako Njombe kwenye mashamba ya chai. Shangazi Dainess akasema machela ni kazi ya wanaume. Nikamuuliza, "Shangazi, ulipojifungua na mama akakupandia viazi vyako vyote, jembe lilikuwa la nani?" Akaanza kunitajia wanawake waliopo kambini. Kisha akasema uchemshe viazi vingi. Wanapanda Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwanao,
Oktavia


Kambini, 22 Aprili

Oktavia mwanangu,

Hujambo? Sisi tumefika. Baba yako mzima, analalamika tu kwamba wanawake wakibeba machela wanaimba mno na kuyumba kidogo. Wakati wa kupanda msimamizi alisimama njiani awazuie. Vestina, mke wa Benno, akamwambia, "Baba, shika mti huu wa machela au utupishe." Akapisha. Benno naye akaona haya akamfuata mkewe, na wakati wa kushuka alibeba kuanzia mtoni.

Ningekupigia kwa simu ya shangazi yako, lakini haya sitaki yasikike hemani. Tulipokuwa tunashuka tuliona moshi kwa bibi Hulda, ng'ambo ya korongo. Hakuna aliyemkumbuka, hata mimi. Miguu imemvimba, hatembei. Niliposema tumrudie, wote wakaendelea kushuka. Hulda hakuwahi kwenda kwenye mgowe wa mtu. Nilipokuwa na mimba yako alinifukuza uwanjani kwake na kuni zangu kichwani. Kwa desturi yetu hakuna anayewajibika kwake, wala hana mtoto wa kumwitia watu. Desturi hiyo juzi imemtoa baba yako, na leo inataka kumwacha mtu juu kama lori lilivyotuacha sisi. Mimi nimeikatalia. Nimewaambia wanawake nitapanda hata peke yangu.

Wewe umefaidi mgowe wa watu hawa, baba yako yu hai. Fikiria la kufanya, na ufikirie upesi.

Mama yako,
Mektilda


Makambako, 24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Msalimie baba, mwambie aache kulalamika.

Usipande peke yako. Nimefunga mgahawa. Kuna gari la mbao litakalonifikisha Njombe, na toka hapo nitajua njiani. Nimechukua mablanketi mawili mazito ya kufungia machela. Barua hii anatangulia nayo konda wa basi la asubuhi lililojaa.

Nimewapigia wote tena, kila mmoja kwa jina lake. Nilisema hivi: "Ni mimi Oktavia, mtoto wa Hulda. Mama anaita mgowe." Benno akacheka. Shangazi Dainess akafoka kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake, alinipokea siku niliyozaliwa, nisimfanye mjinga. Nikamwambia nitarudi kuwa mtoto wa kaka yake Hulda akishashuka. Akakata simu.

Vestina hakuuliza habari za ukoo. Aliuliza tukutane wapi.

Mwanao, na wa Hulda,
Oktavia