Nimesaini Kaka Yako Afunguliwe Tumbo

Wodi ya Watoto,
Iqaluit.
9 Machi 2017

Mpendwa Shangazi Oleepika,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Jaypootie. Hali yako huko Ottawa ikoje? Ile mashine ya kusafisha damu bado inakuchosha? Miguu imepungua kuvimba? Mimi mwili mzima, ila moyo wangu, Shangazi, umekatika vipande.

Jana nilipokuambia kwamba nimesaini binti yangu afunguliwe tumbo, ulikata simu, na tangu hapo hupokei. Ndiyo maana naandika. Naiomie, mkalimani wa hapa, anaruka kuja Ottawa mchana huu, atakupa barua mkononi.

Jumamosi Nuvaqiq alianza kushika tumbo. Nikacheka, nikamwambia, "Baba, umezidisha kula ngozi ya nyangumi." Unajua desturi yetu, anayepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe amerudi: tangu nilipompa jina la baba, miaka minane sasa, mimi namwita baba, wewe unamwita mdogo wako, na hakuna anayemkaripia. Basi aliposema hataki zahanati, sikumlazimisha. Hilo ndilo kosa langu, nalilia mpaka sasa.

Kesho yake alikuwa anatembea amejikunja. Muuguzi wetu pale Pangnirtung akambonyeza upande wa kulia, akasema anashuku kidole tumbo. Upepo nao ukafunga uwanja siku mbili, ndege haikutua; jana asubuhi ndipo ikatuleta hapa Iqaluit.

Agizo lako sikulisahau: wamtibu kwa matundu madogo ya kupitisha kamera tu, kaka yangu asipasuliwe tena. Na lile kovu la baba, lile refu la kutoka kitovuni kwenda chini, lililooza mpaka likamchukua, nitalisahau vipi? Nilimwambia hivyo hivyo daktari, mama mmoja mfupi anaitwa Pelletier.

Akasema, "Hata mimi napenda matundu. Vidonda vidogo, haviozi upesi, na mtoto anarudi kucheza mapema. Tena kwa kuwa bado tunashuku tu, kamera itatuonyesha kama ni kidole tumbo kweli. Lakini nikikuta kimepasuka, nikashindwa kusafisha kwa matundu, nitamfungua. Saini yote mawili."

"Na nikisaini matundu peke yake?"

"Mama, siwezi kumwacha afe ili ngozi ibaki nzuri."

Naiomie alimaliza kutafsiri, kisha akaongeza la kwake: "Dada, unachelewa."

Nikasaini yote mawili. Nisamehe, Shangazi.

Kitanda kikisukumwa, Jaypootie alijikaza kutania: "Baba mkwe, ukirudi nakuachia uendeshe pikipiki ya theluji." Mtoto akamjibu, "Afadhali, wewe unaendesha kama bibi kizee." Nilicheka, halafu mlango ulipofungwa nikakaa sakafuni.

Walianza na matundu kweli, daktari hakunidanganya. Lakini kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, usaha umetapakaa. Wakafungua.

Ametoka. Yu hai. Ila homa haishuki, na daktari anasema leo na kesho ndizo siku zenyewe. Anasema pia watoto wengi wa namna hii hupona kwa dawa wanayompa, na neno hilo nimelishika kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba amegeukia ukutani. Anatakiwa akohoe na kuvuta pumzi ndefu ili mapafu yasizibe, naye hataki, anasema panauma. Wauguzi wananiambia, "Mama, mlazimishe." Nimlazimishe vipi? Nikifungua mdomo, namwamrisha baba yangu mzazi. Nabembeleza tu, naye ananipapasa mkono kama mtu mzima, ananiambia, "Acha, mwanangu."

Shangazi, wewe ulimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Wewe ni dada yake mkubwa, na kati ya waliokuwa na haki ya kumfokea umebaki peke yako. Nikasirikie baadaye, nitapokea yote. Leo ukimaliza kusoma, mwache Naiomie apige simu wodini, nami nitaiweka sikioni mwa mtoto.

Wasalimie Davidee na mkewe, uwashukuru kwa kukutunza. Mama Geela huko nyumbani hatoki kanisani, anawaombea nyote wawili. Mungu aliyekuacha wewe ukiwa mkubwa wa wote azidi kukuweka, maana tunakuhitaji.

Usilie kwenye simu, nakuomba. Mfokee. Mwambie avute pumzi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Leetia