Ufa wa Kalibu ya Vijiko

Eskilstuna, Desemba

Kaka Torkel,

Theluji imewahi, na mama ameoka mikate ya zafarani mingi kana kwamba upo.

Ile kalibu ya kugongea vijiko iliyopasuka mikononi mwako, hatimaye tumeitazama kwa hadubini. Hukukosea. Ufa ulianzia pale baba alipogonga chapa ya karakana yetu, "Lindroth na Mwana", kabla ya kukichoma chuma kiwe kigumu. Ukakua kidogo kidogo kwa kila pigo la mashine, miaka yote hiyo. Inaniuma tumechelewa kutazama.

Nilimwambia, "Baba, ulimfukuza bure."

"Kunywa kahawa yako, inapoa."

Lakini siku hizi hagongi chapa kwenye kalibu yoyote. Wateja wakimuuliza sababu, anajibu tu, "Mwana hayupo."

Mdogo wako,
Sigbritt