Mashine Iliyotenganisha Ndugu

Ngara, 12 Mei 1995

Shangazi Véronique,

Shikamoo. Sisi wazima. Maharage ya shamba la Bukiriro yamekomaa, na mama anauliza kama goti lako limepona.

Nimepata kibarua kwenye ofisi ya kuandikisha wakimbizi. Naingiza majina kwenye kompyuta. Shangazi, hiki kitu ni kitamu! Unakiamuru kipange watu elfu moja, hujameza mate kimeshapanga.

Ila wiki iliyopita kiliwagawa watoto sita wa mama mmoja katika mahema sita. Mtaalamu mzungu akahangaika siku mbili. Mimi nikaona kosa: kimeagizwa kwamba ndugu lazima wawe na jina moja la ukoo, wakati kwetu, kama kwa wakimbizi hawa, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Wewe na baba ni tumbo moja, majina yenu yanafanana wapi? Nikasoma kitabu cha maelekezo, nikakiagiza kipange kwa jina la mama. Watoto wakarudi pamoja.

Mkuu akafurahi, akasema kuna nafasi ya kozi ya kompyuta Dar es Salaam. Jana alimpa Aron, karani mwenzangu. Eti hiyo kazi ni ya wanaume, mimi vidole vyangu vinatosha kuchapa. Najiuliza tu, Shangazi: mashine inajuaje kama aliyeiagiza ni msichana?

Asubuhi hii Aron kaja kwa aibu, kaniomba nimwandikie nilivyofanya, asije akaumbuka huko. Nimemwandikia yote. Kila ukurasa nimeweka jina langu.

Mwanao asiyechoka kuuliza,
Josiane Mukeshimana