Moraa, Kazi Yako ya Nyota Imetoka

Mdogo wangu Moraa,

Imetoka. Ile kazi uliyoiacha bado haijaisha imechapishwa, na jina lako ndilo la kwanza. Nilitaka uisikie kutoka kwangu.

Lakini ilibaki kidogo tu isitoke.

Wiki chache baada ya kukuzika, Daktari Thandi, yule mwenzako wa Afrika Kusini, alinipigia. Alilia kwanza, halafu akaniambia kwamba wenzako wa Chile na India wako tayari kuimalizia kazi, ila hawataki kutumia jina lako kabla ya familia kukubali. Nikampelekea mama maneno hayo jikoni. Hata hakugeuka. "Mtu akishazikwa anaachwa apumzike. Wanamtuma kazi gani tena?"

Sikumlaumu. Mama hakuwahi kuelewa vizuri ulichokuwa ukifanya. Sisi wote tulikuwa tukibahatisha. Hata siku ya mazishi, ulipotajwa kuwa daktari, mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza ulikuwa hospitali gani, maana mgongo wake unamsumbua. Ungecheka, Moraa. Mimi nilicheka, kisha nikashindwa kunyamaza, mpaka watu wakadhani nalia. Labda nilikuwa nalia.

Kwangu uliieleza mara moja, sokoni Magwagwa, tukinunua chungu. Ulikigonga kwa kidole, ukasikiliza, ukakirudisha. Ukagonga kingine. Ukaniambia, "Dada, hivi ndivyo ninavyofanya kazi. Nyota hutetemeka. Ukiufuata mtetemo wake unajua ndani mna nini, na ina umri gani, bila kuifungua." Muuza vyungu akasema, "Basi nunua hicho, hakina nyota ndani." Nilijivunia wewe siku ile kuliko siku ulipovaa joho.

Kwa hiyo mama alipokataa, niliumia. Niliona kazi yako inakufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwetu. Thandi alipiga tena, kwa upole, nikamwomba angoje. Sikujua angoje nini.

Ndipo ikafika zamu ya shamba letu katika egesangio, kile kikundi cha mama cha kulimiana. Tangu msiba mama hakuwa ametoka hata siku moja kwenda kuwalimia wenzake, kwa hiyo hakuwatarajia. Asubuhi tukasikia majembe yanaingia. Mama Nyaboke alikuwa mbele, anapiga kelele kutoka kwenye ua: "Bosibori! Ulidhani tutaacha mahindi yako yamezwe na magugu? Weka chai, na isiwe ya maji kama ya mwaka jana!"

Walipalilia lote. Mama alisimama ukingoni na birika mkononi, chai ikapoa. Halafu akaniuliza polepole, "Hao watu wa Moraa. Wa mbali. Walikuwa wakifanyiana kazi hivi?"

Nikamwambia ndiyo. Huyu ana darubini, huyu anajua hesabu, na Moraa ndiye aliyekuwa akisikiliza mitetemo. Ya mmoja ikiisha wanaingia ya mwingine.

"Na hii ilikuwa zamu yake?"

"Ndiyo, mama."

Akafuta uso kwa leso. "Mpigie huyo mama. Waimalize. Lakini wasipande kitu ambacho mwanangu hakukichagua."

Nilimwambia Thandi hivyo hivyo. Akaniambia kweli kuna mmoja wao aliyetaka kubadilisha sehemu ya mwisho, kwa sababu hakukubaliana nawe kuhusu umri wa nyota moja. Sasa wameacha maneno yako kama ulivyoyaandika. Shaka yake ameiandika pembeni, kwa jina lake mwenyewe.

Jumapili baada ya misa nilimwonyesha mama kwenye simu. Maandishi yote yalimpita, ila jina lako alilijua, na kando yake kuna alama ndogo kama msalaba. "Wamemwekea msalaba," akasema. "Kumbe ni watu wa kanisa." Thandi alikuwa ameshanieleza kwamba huwekwa kwa aliyefariki kabla ya kazi kutoka, yeyote yule, awe wa kanisa au la. Sikumwambia mama.

Thandi anasema bado kuna kazi mbili zako njiani. Unakumbuka ulivyokuwa ukija likizo, wakikupigia tukiwa mezani, unatoka nje na kuacha ugali unapoa, naye mama ananuna? Juzi simu ililia mezani, namba ya nje. Nikaigeuza chini. Mama akanitazama. "Pokea. Chakula kitangoja."

Nakuahidi nitapokea kila mara, mpaka kazi ya mwisho yenye jina lako itoke. Lala vizuri, mtoto niliyembeba mgongoni.

Dada yako,
Kemunto